Kopo la Sukari Chini ya Kitanda

Likizo ile ya Agosti nilikwenda nyumbani kumwokoa baba. Ningependa kutumia neno la kiasi zaidi, lakini hivyo ndivyo nilivyojiona nikipakia mizigo yangu.

Baba ana kisukari. Alikuwa amekatwa vidole viwili vya mguu wa kulia, na kidonda kilichobaki kilikuwa kinafunga polepole. Daktari alituambia wazi: sukari ikikaa chini, mguu utapona, ikipanda, watarudi kukata, na safari hiyo hawatakata vidole.

Mimi naishi Meru mjini, karibu na Majengo. Nafundisha chuoni na kuandika makala kuhusu tabia za watu. Mwaka huo nilikuwa nimewahutubia akina mama wa kanisa mara mbili, nikiwaeleza jinsi sehemu ya akili tusiyoiona inavyotuamulia mambo kabla hatujajua kwamba tumeamua. Walinipigia makofi. Mmoja aliuliza kama hiyo kitu ina dawa.

Nyumbani kwetu ni upande wa juu wa Embu, kwenye mashamba ya majani chai. Mama alizaliwa Ishiara, kule chini kwenye joto, na miaka hamsini ya ndoa haijamfanya apende chai. Asubuhi na jioni anakunywa uji wa mtama unaoletwa na dada zake. Kwa hiyo katika nyumba ile chai ni ya baba, na ya wageni wakija.

Siku ya kwanza nilitafuta sukari jikoni nikaikosa. Niliipata chumbani mwao, chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la blanketi, ndani ya kopo lililokuwa zamani la mafuta ya kupikia.

"Mama, siku hizi sukari inalala na nyinyi?"

"Nimeiweka mbali," alisema. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Mbali na nani? Baba haingii jikoni."

"Na mimi."

"Lakini unajua hatakiwi kuinywa."

"Mimi najua, mwari wangu. Mkono ndio haujui."

Kama ningeyasikia maneno hayo yakisemwa na profesa kwenye ukumbi, ningeyaandika na kuyapigia mstari. Kwa kuwa yalisemwa na mama yangu, mwenye ungo magotini, nilidhani ni uzee. Nilimweleza kwa upole, ule upole wangu wa darasani, kwamba kuficha kitu ni mambo ya watoto, na kwamba mtu mzima hubadilisha tabia kwa kuelewa. Nikarudisha kopo jikoni, kwenye rafu, nikabandika karatasi yenye herufi kubwa: WAGENI TU. Halafu nikamwambia mama apumzike. Chai ya baba ningeipika mimi.

Nilijifunza kuipika nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa mwalimu, akirudi saa kumi na chaki kwenye mikono ya koti, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha chai imeiva akivua viatu. Maji, majani, maziwa. Unasubiri. Maziwa yakianza kupanda unatia vijiko vitatu, unakoroga, unashusha, unachuja kwenye chupa. Niliifanya kazi hiyo kila siku hadi nilipoondoka kwenda chuo kikuu. Mimi mwenyewe niliacha chai miaka mingi iliyopita kwa ajili ya tumbo. Nakunywa maji moto yenye tangawizi, na huwatangazia watu jambo hilo hata wasipouliza.

Kila asubuhi nilimdunga baba kidole, nikasoma mashine ya kupimia sukari, na namba zilikuwa juu. Siku nne za kwanza nilisema mashine imeharibika. Nikanunua betri mpya. Wiki ya pili kidonda kilianza kulowesha bandeji, kisha kikaanza kutoa harufu. Kwenye zahanati muuguzi alikifunua, akakunja uso, akamgeukia baba.

"Mzee, hii sukari inatoka wapi? Unaficha andazi kwa mfuko?"

"Muulize daktari wangu," baba alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Ndiye ananilisha."

Wote wawili walicheka. Mimi nilikuwa nimeshapata mshukiwa.

Tulipofika nyumbani sikungoja hata kuvua koti. Nilimwambia mama kwamba ninajua anampikia baba vitu nikiwa nimelala mchana, kwamba huruma ya namna hiyo itamkata mguu, na kwamba asijitetee kwa sababu ni kawaida, akili hufanya mambo bila sisi kujua. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa na maneno. Aliingia jikoni, akarudi na kopo, akalifungua mbele yangu. Lilikuwa limefika nusu.

"Ulipokuja lilikuwa limejaa," alisema. "Tangu uje, mgeni gani amekunywa chai hapa?"

Nadhani niliwaza panya.

Kesho yake saa kumi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, mikono mitupu. Nilijua ananilinda na nikaudhika, kwa hiyo nilipika nikimweleza habari za chuo, za mwenzangu aliyepandishwa cheo badala yangu. Hadithi ilikuwa imenoga.

"Simama hapo," mama alisema.

Nilisimama.

"Uangalie mkono."

Kifuniko cha kopo kilikuwa mezani. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu, juu ya maziwa yanayopanda, kikiwa kitupu, na kingo zake zina chembe nyeupe. Ile karatasi yenye herufi zangu ilikuwa inanitazama. Sikukumbuka kufungua kopo. Sikumbuki hata leo. Nilitaka kusema ni mara ya kwanza, nikakumbuka mashine, na lile kopo nusu.

Maziwa yalifurika, yakazima moto. Mama aliinuka akaenda kutafuta kiberiti. Tangu siku hiyo hajawahi kulitaja jambo lile. Ningefurahi kama angenitukana.

Wiki iliyofuata walimkata baba chini ya goti. Nilimtafuta daktari kwenye korido nikamweleza kila kitu, nikidhani atanihukumu. Alisema wiki mbili za chai haziwezi kuwa sababu pekee, kwamba mishipa ya mzee ilikuwa imechoka miaka mingi. Halafu akaongeza kwamba hazikusaidia. Alikuwa mtu mwaminifu. Nimeyageuza maneno hayo mara nyingi, kila upande, na kila upande yako vilevile.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilimwambia baba mwenyewe. Nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita Mama. Alinisikiliza akiangalia mahali blanketi lilipokuwa tambarare.

"Mama, mimi nilijua," alisema. "Kikombe cha kwanza tu nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeacha."

"Baba!"

"Nilidhani umeamua. Nilijiambia, huyu amesoma, ameona mguu utakatwa tu, amenionea huruma. Kwa hivyo nikanyamaza, nisikuharibie."

Nikaondoka kwenda kununua maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Sasa naenda kila Jumamosi. Kopo limerudi chini ya kitanda, na mama ananiacha nipike. Maziwa yakianza kupanda yeye hukohoa mlangoni, kikohozi kikavu cha makusudi, na mkono wangu, ambao kwa kweli huwa umeshaanza safari, hugeuka ukashika kichujio. Nimeandika makala nyingi kuhusu kubadili tabia na hakuna hata moja yenye mbinu ya kufaa kama kikohozi hicho. Siku mama asipokuwepo sipiki.

Jumamosi ya kwanza baada ya baba kurudi nyumbani nilimpelekea kikombe cha chai isiyo na sukari barazani, alikokuwa ameketi na mkongojo mpya pembeni. Alipuliza, akanywa kidogo. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akaniangalia kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka alisema nini jana.

"Mama," aliuliza, "kuna mahali nimekukosea?"

Nikamwambia hakuna. Aliinamisha kichwa, akainywa yote.