Masale Barabarani

Anyesi wa Sekei ana Prado moja nyeupe na hotuba moja. Prado huwakodishia wageni wanaotaka kujiendesha wenyewe. Hotuba ni ya bure, na hairuhusiwi kukatizwa.

"Huku ni kushoto," huwaambia akigonga usukani. "Mkisahau, lori litawakumbusha. Vijijini ni hamsini, hata msipokiona kijiji, trafiki ameshawaona. Jazeni mafuta mjini. Mtu akisema ni hapo mbele tu, jueni kuna kilima. Jua likizama, gari linalala. Mkikuta majani barabarani, mbele kuna gari limekufa, punguzeni mwendo. Mkiharibikiwa nyinyi, kateni majani, mtandaze nyuma."

Klaas na mkewe Femke, walimu wastaafu kutoka Uholanzi, waliitikia kwa kichwa kila sentensi. Wageni watiifu namna hiyo humtia Anyesi wasiwasi, na safari hii alikuwa na sababu: kesho yake Prado hiyo ilitakiwa kumpeleka kanisani mdogo wake Namnyaki. Upande wa bwana harusi walishaambiwa ni Prado. Ukishatangaza Prado, huwezi kumshusha bibi harusi kwenye bajaji. Ndoa itadumu, ila jina la Bajaji nalo litadumu.

Mchana Klaas akapiga simu. Wamepata pancha njia ya Momela, tairi wameshabadilisha, ila kuna mzee amekaa mbele ya gari.

"Amekaa?"

"Kwenye kigoda. Amekuja nacho."

Anyesi akadandia bodaboda. Alimkuta Mzee Melkizedeki, mkulima wa kahawa, ameegemea bampa kama yuko kibarazani kwake. Nyuma ya gari majani marefu mabichi yalikuwa yametandazwa kwa unadhifu wa kupigiwa mfano. Anyesi akayatambua. Yalikuwa masale, mmea unaopandwa kuwa mpaka wa mashamba. Klaas aliacha pori lote la Meru, akaenda kung'oa mpaka kati ya shamba la mzee na la mdogo wake Eliud. Mpaka uliokula vikao vya ukoo na mbuzi wasio na hatia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyu ni wako?"

"Gari ndilo langu. Mzungu anajimiliki."

"Basi gari halitoki. Eliud akitoka mnadani akakuta hakuna mpaka, kesho atalima mpaka sebuleni kwangu."

"Baba, kesho gari hili linabeba bibi harusi."

"Mbebeni mgongoni. Mama yangu aliolewa kwa miguu, na alifika."

Klaas akauliza mzee anasemaje. Anyesi akamwambia kwanza atoe majani barabarani. Klaas akayakusanya. Hakuona pipa la taka, basi akamwendea mwenye mali, akainama kwa sababu ya mgongo wake mbovu, akamnyooshea fungu zima kwa mikono miwili.

Dereva wa bodaboda akaacha kutafuna muwa. Kuzunguka mlima huu, mtu akikuletea isale amekuja kuomba msamaha, na msamaha wa isale haukataliwi. Ukikataa, hata mazishini kwako watu watachelewa.

Mzee alimtazama Anyesi kwa chuki. "Umemfundisha wewe?"

"Mimi nimemfundisha kushoto tu."

Akalipokea fungu lile kama anayemeza kwinini. "Amesamehewa. Ila atayapanda. Yote, kabla Eliud hajarudi."

Klaas akapanda, Femke akimwagia maji ya chupa. Masale hayana kinyongo, ukiyachomeka yanashika. Mzee alisimama kando na fimbo akionyesha mahali pa kila shina, na kwa kila shina lililofuata, fimbo ilisogea kidogo, kidogo tu, kuelekea kwa Eliud.

"Mzee," Anyesi akasema taratibu, "mbona mpaka unatembea?"

Mzee hakugeuka. "Wewe si una harusi?"

Anyesi akamwomba Klaas ufunguo.