Salamu Hazijaisha, Mama Amezimika

Jua halijafika barazani, lakini Fundi Pole ameshapiga deki, amekung'uta kitambaa cha meza na kupanga bisibisi zake kama watoto wa shule mstarini, fupi mbele, ndefu nyuma. Anavuta kompyuta ya kwanza ya siku, anaipandisha juu ya vipande viwili vya mbao, anaiwasha, kisha anaiinamia kama anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa.

"Pole," anaiambia. "Wamekufanya nini tena?"

Mwenye kompyuta, karani wa ofisi ya jirani, anacheka. "Na inakujibu, Fundi?"

"Inajibu. Tena yenyewe haifichi. Wanaoficha ni wenye mali. Kila anayekuja hapa anasema hajaigusa, imezima tu."

Karani anaacha kucheka. Anatazama viatu vyake.

"Chai yenyewe ilikuwa kidogo," anasema.

Ndiyo asili ya jina lake. Huwapa pole wateja, huzipa pole mashine, na mtaa mzima umeshasahau kwamba aliwahi kuitwa kitu kingine. Baraza analofanyia kazi analigawana na mshona viatu, mzee mwenye maneno mengi kuliko misumari yake. Upande mmoja harufu ya gundi na ngozi, upande wa pili feni ndogo zikivuma. Siku nzuri Fundi Pole huhudumia wateja hadi anasahau kula. Siku mbaya humpangusia mtu vumbi kwenye kompyuta na kulipwa asante.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Alifika mji huu kufagia ofisi, na ni katika kupangusa meza za wenzake ndipo alipoanza kujiuliza ndani ya masanduku yale yenye joto mna nini. Akajiandikisha darasa la jioni.

"Nilikuwa naingia darasani na mikono inanuka sabuni," anakumbuka. "Mwalimu akaniambia, mikono hiyo ndiyo naitaka. Wengine wote hapa wanaogopa vumbi."

Alichokiacha nyuma ndicho kinachomfanya aitazame barabara kila basi la safari ndefu linapopita. Binti yake alikuwa na miaka miwili alipombwaga kwenye mapaja ya bibi yake, mama mzazi wa Fundi Pole, katika mji mwingine, safari ya siku nzima. Baba wa mtoto alikuwa ameshashika njia yake. Hilo Fundi Pole halizungumzi, na mshona viatu, ambaye huzungumza kila kitu, naye halizungumzi. Sasa mtoto ana miaka sita. Meno mawili ya mbele yameshang'oka, na mama yake hakuyaona yakilegea wala yakitoka.

Kwa hiyo mwaka huu alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Yeye ambaye kompyuta yake mwenyewe imeungwaungwa kwa vipande vya marehemu wengine, alinunua laptopu mpya, ya ndani ya boksi, akaipeleka kwa mama yake ili waonane kila jioni.

"Ningeweza kumtengenezea ya zamani," anasema. "Lakini sikutaka mama yangu apokee kiporo."

Laptopu ilifika salama. Jioni ya kwanza ikawaka, nyuso zikaonekana, bibi akapiga kigelegele. Salamu zikaanza.

Na salamu za bibi, anayezijua anazijua. Shikamoo hupokewa kwa marahaba, kisha huulizwa kazi, afya, mwenye nyumba, mvua, mke wa mshona viatu aliyekuwa akiumwa. Kisha hugeuka, nayo habari ya mguu wa bibi hutolewa, na ya kuku, na ya jirani aliyehama bila kuaga. Mtoto hukaa pembeni mikono mapajani, akingoja zamu yake, maana mtoto hawakatizi wakubwa. Zamu ilipofika, akasogeza uso mbele.

"Mama, una—"

Kukawa giza. Laptopu ilikuwa imezima.

Jioni ya pili, hivyo hivyo. Na ya tatu. Asubuhi bibi akiiwasha kutazama picha, inafanya kazi kama haijawahi kukosa adabu. Jioni, salamu zikikaribia mwisho, inazima.

Fundi Pole akaanza kuitibu kwa simu. Alimwelekeza mama yake kusasisha programu, maneno yakipita sikio hadi sikio. Alimwambia aisogeze kwenye soketi nyingine, akidhani umeme wa nyumba ndio unaoyumba. Alimwambia achomoe chaja atumie betri. Alishuku memori. Muuzaji alipopigiwa alisema laptopu mpya haiwezi kuwa na neno, labda mtumiaji ndiye mgeni.

"Nikamwambia mama, basi tuanze na mtoto, salamu zije baadaye," anasimulia. "Akanyamaza. Nilidhani imezima tena. Kumbe ananitazama tu. Akasema, 'Mtoto atangulie kuamkiwa kabla yangu? Tumefika huko?'"

Mshona viatu hakuiacha nafasi hiyo impite. "Mganga hajigangi," akamwambia. "Mji mzima unaupa dawa, nyumbani kwako mgonjwa anazimia kila jioni."

"Na wewe mbona umevaa kandambili?" Fundi Pole akamjibu.

Lakini moyoni alikuwa haoni cha kuchekea. Aliomba laptopu irudishwe. Ikasafiri na basi, imeviringishwa blanketi la mtoto. Aliipandisha juu ya zile mbao zake mbili, akaiachia video ikicheza tangu asubuhi mpaka anafunga kazi. Haikuzima. Kesho yake akaichosha zaidi. Haikuzima. Aliifungua, akaikagua, akaifunga. Ilikuwa nzima kama yai.

"Hapo ndipo mtu unapata wazimu," anasema. "Mashine mbovu unaijua. Hii ilikuwa inaumwa kwetu tu, kwa fundi inapona."

Kabla ya kuirudisha alilinusa lile blanketi. Halikuwa na harufu aliyoikumbuka. Alikuwa akikumbuka harufu ya mtoto wa miaka miwili.

Laptopu ikarudi kwa bibi. Jioni ile ile ikazima.

Safari hii kilichomwuma si giza la skrini. Mwalimu wa chekechea, ambaye ni jirani wa bibi, alimpigia simu kumweleza jambo alilolisikia darasani. Watoto walikuwa wakieleza mama zao wanafanya kazi gani. Binti yake alisimama akasema, "Mama yangu anakaa kwenye mashine, lakini huzimika." Wenzake wakacheka, yeye hakucheka.

Baada ya hapo akaanza kukwepa. Bibi akimwita aje aongee na mama, anajibu kutoka uani kwamba amelala.

"Amelala huku anaruka kamba," anasema Fundi Pole, na tabasamu lake linakatika njiani. "Nikaona huyu ndiye ninayempoteza. Laptopu ningenunua nyingine, hata kama ingenichukua miaka. Lakini mtoto akishazoea kwamba mama ni kitu kinachozimika, utamrekebisha kwa bisibisi gani?"

Ndipo alipomwomba mwalimu yule amfanyie hisani moja. Achukue simu yake, aingie nyumbani kwa bibi jioni, amwoneshe laptopu ilipo, kabla haijawashwa, bila mtu kuitengenezatengeneza.

Mwalimu akaingia. Simu ikapita mlangoni, ikapita kabati la vyombo, ikafika kwenye meza ya sebuleni. Fundi Pole akaona kitambaa cheupe cha kufuma. Juu ya kitambaa akaona mto. Mto wenyewe ni ule mwekundu wa mahameli uliojazwa pamba, ambao tangu utoto wake haukuwahi kukaliwa na binadamu. Na juu ya mto, imezama mpaka kiunoni, imefunikwa mgongo kwa kitambaa kingine chenye maua, ilikuwapo laptopu.

"Mama," akasema polepole, "nani ameiweka juu ya mto?"

"Nani mwingine? Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipofika. Kwani mgeni hukalishwa wapi? Hukulelewa nyumba hii?"

"Mama, inapumulia chini. Matundu yake ya hewa yako tumboni. Ikikaa kwenye mto inakosa pumzi, inapata joto, ikizidiwa inazima isiungue."

Kisha sauti ya bibi ikaja, imepungua kidogo.

"Ndani yake mna uso wa mwanangu. Niukalishe juu ya mbao kavu?"

Fundi Pole anasema alicheka hadi machozi, na machozi yakakataa kurudi kicheko kilipokwisha. "Ule mto mimi nilichapwa kwa kuukalia," anasema. "Nilichapwa kweli. Leo umetolewa kabatini kwa ajili ya picha yangu."

Anaviangalia vile vipande viwili vya mbao mezani kwake. Kila mashine inayopita mikononi mwake hupanda pale kwanza ipate hewa. Ni mazoea ya tangu darasa la jioni, mkono hufanya bila kuuliza kichwa. Ndiyo maana kwake laptopu haikuzima hata mara moja. Wala hakuwahi kumwambia mama yake, kwa sababu mtu hamwambii mwenzake kwamba mguu wa kulia huvaa kiatu cha kulia.

Alitoa vipande viwili sawa na vile, akavipiga msasa, akavipeleka kwa basi. Bibi alivipokea lakini akaweka sharti: havitakaa uchi sebuleni kwake. Majadiliano yalichukua muda. Hatimaye walikubaliana kwamba mbao zivishwe vifuniko vya kufuma, vyembamba, mradi katikati pabaki wazi. Mto mwekundu ukashushwa kwenye kiti.

"Nani ataukalia sasa?" Fundi Pole akauliza.

"Mke mwenzangu," bibi akajibu, akimaanisha mjukuu wake. "Mimi mifupa yangu haijazoea starehe."

Jioni hiyo mtoto aliitwa, akasema amelala. Bibi akamwambia kuna mto. Akaja.

Salamu zikaenda mwendo wake. Kazi, mvua, mke wa mshona viatu, mguu, kuku. Fundi Pole anasema alijikuta ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama abiria kwenye kona. Zikafika mwisho. Hakukuwa na giza. Pakawa na ukimya ambao hawakuwahi kuufikia, na hakuna aliyejua afanye nao nini.

Mtoto akasogea. Pengo la meno likaonekana.

"Mama, hujazimika."

"Sijazimika."

"Bado uko?"

"Bado niko."

Mtoto akafikiri. Halafu akalimalizia lile swali lililokatwa tangu jioni ya kwanza.

"Unakuja lini?"

Mashine yenye joto ingemwokoa hapo. Fundi Pole anakiri kwamba kwa nukta moja aliingojea. Feni iliendelea kuvuma taratibu, hewa ikipita chini kama inavyotakiwa.

"Siji," akamwambia. "Safari hii unakuja wewe."

Nyuma ya baraza kuna chumba chenye dirisha moja linalotazama mti wa jirani. Mpangaji aliyemo anahama shule zitakapofungwa, na mwenye nyumba ameshamkubalia Fundi Pole. Shule iko ng'ambo ya barabara. Kengele yake husikika hapa mezani. Ameshalipima dirisha kwa ajili ya pazia. Anakusudia kufundisha wanawake wawili watatu jioni, pale pale barazani, binti yake akifanya kazi za shule mahali anapomwona.

Laptopu itabaki kwa bibi. "Itakuwa zamu yangu kungoja," bibi amemwambia mwanawe. "Lakini mto nitaukalia mwenyewe. Na salamu sifupishi."

Mchana umeingia. Karani amechukua kompyuta yake, pamoja na onyo kuhusu chai. Kwenye msumari juu ya meza ya Fundi Pole unaning'inia uzi mweupe wa kufumia, umefungwa fundo kila upande. Bibi aliukata kwa kuupima kwenye mguu wa mtoto, mbele ya laptopu, Fundi Pole akitazama, akautuma kwa basi. Ni urefu kutoka kisigino mpaka kidole gumba.

Mshona viatu anautungua, anaulaza juu ya kipande cha ngozi nyeusi, anachora kwa chaki.

"Watoto hukua," anasema. "Naacha nafasi ya kidole kizima, ili akija vimtoshe."

Fundi Pole anainuka, anakuja upande wa mshona viatu, anautazama ule mstari wa chaki kwa muda mrefu. Anaweka kidole chake juu yake na kuurudisha nyuma kidogo.

"Usiache kubwa hivyo," anasema. "Anakuja kabla mguu haujakua."