Waya Juu ya Nyumba ya Mama Mkwe

Mke wangu alikwenda kwa mama yake, Bunyakiri, kujifungua mtoto wetu wa kwanza, kama desturi ilivyotaka. Mimi nikabaki Bukavu na kazi yangu ya kupanda nguzo za simu, kazi niliyoipenda na kuringa nayo. Lakini waya wa Bunyakiri ulikatwa kila mara, na mvua ikiharibu barabara hata lori hazikufika. Niliogopa mke wangu angejifungua, au angekufa, nami nisijue lolote.

Mkubwa wetu, Mbelgiji mwenye hasira za karibu, alikuwa akipima mambo mawili: avute waya mpya, au aweke foni, yaani redio ya kusemea, pale kwenye dispensari. Mimi nilikuwa upande wa waya, maana ndio ulionilisha.

Akanituma kutengeneza palipokatwa. Kumbe ni nyuma ya nyumba ya mama mkwe! Uani wanawake walivaa bangili mpya za shaba, shaba ile ile ya waya wetu, na mama mkwe alikuwa nazo mpaka karibu na kiwiko. Nikachemka. Lakini kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumgombeza. Nikamgombeza mke wangu, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, alikokimbilia mama yake.

Jibu likatoka nyuma ya ukuta: «Ambia bwana yako: ile waya inapitaka juu ya nyumba yetu, inaenda kwa wazungu wa plantation. Sisi haiyatusemesha hata siku moja. Basi tumekamata fungu yetu.»

Nikaunga waya, nikaondoka. Njia nzima nilicheka peke yangu. Nilipofika Bukavu nikamwambia mkubwa aweke foni, na kutuma neno kuwe bei ya chini kuliko nauli ya lori. Alinung'unika, akakubali, waya ulikuwa umemchosha. Kazi ya nguzo ikapungua, wala sikujuta.

Asubuhi moja niliitwa kwenye foni ya ofisini. Alikuwa mama mkwe, ambaye hakuwahi kunisemesha mimi mwenyewe: «Papa, uko na mutoto mwanamuke! Maman yake iko muzima, anakula!»

Alipaswa kuachia kitufe ili nijibu. Hakuachia. Alieleza mtoto alivyo, akamshukuru Mungu, akaniita mwanangu, makarani wote wanasikia, nami nimesimama pale machozi yananitoka, sina nafasi ya kusema hata asante.