Mstari wa Bluu Juu ya Ukurasa

Siku hiyo, mwanangu, sauti ilinifikia kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa asubuhi, na ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa hata mawe makubwa ya ufukweni yakapotea. Nilikuwa nimeshuka kwenye bodaboda, nafuata njia ya mchanga bila kuona ninakokwenda, ndipo nikasikia mwanamke anasoma. Alisoma taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa jiwe moja baada ya jingine.

“Kizimba... kisikaribie... matope ya chini.”

Sauti nyingine ikayarudia maneno hayo kwa Kisukuma, kisha kicheko kikapita ndani ya ukungu. Nikasimama. Maneno yale yalikuwa ya mwongozo wetu. Mimi ndiye niliyeyapanga kwenye kurasa zake, lakini sikuwa nimewahi kuyasikia yakiwa na pumzi ya mtu.

Ngoja nikueleze nilifuata nini pale. Usinicheke ninapokuita mwanangu kama mzee; katika kazi yetu ya kompyuta, mwenye mvi chache tu anaitwa bibi. Wakati huo nilikuwa binti, nafanya kazi katika ofisi ndogo pale Nyamagana. Tulikuwa na tovuti ya mwongozo wa kufuga samaki aina ya sato kwenye vizimba vya nyavu ziwani, na mimi nilikuwa nimetengeneza kipande kidogo cha programu ambacho ungeweza kukibandika kwenye ukurasa wowote. Ukishakibandika, mstari mwembamba wa bluu unatokea juu na kurefuka kadiri msomaji anavyoshuka. Ukijaa, ukurasa unahesabiwa kuwa umesomwa, na sisi ofisini tunaona.

Nilikipenda kile kipande, mwanangu. Jioni nilikaa dirishani nikiurefusha na kuufupisha ule mstari, na ziwa lenyewe kule mbali lilikuwa mstari wa bluu vilevile, nikaona kama nimeliiga.

Vifaranga vya samaki vya msimu ule vilitosha kikundi kimoja tu cha wafugaji, na makubaliano yalikuwa vipewe kikundi kilichousoma mwongozo. Kikundi kimoja mistari yake ilijaa yote. Kikundi kingine, cha akina mama walioongozwa na Mama Limi, hakikuwa na mstari hata mmoja uliojaa. Nikamwambia Mzee Magesa, mkuu wetu, kwamba wale akina mama hawasomi, wapewe wengine.

“Nenda kawaambie mwenyewe,” akasema. “Uso kwa uso.”

Ndiyo maana nilikuwa pale. Ukungu ulipofunguka kidogo nikawaona: wanawake wameketi kwenye jiwe bapa, simu moja katikati yao, na nyuma yao kizimba chao kipya kinaelea kitupu majini. Walikuwa wamekisuka kwa mikono yao.

“Shikamooni,” nikasema. “Natoka ofisi ya mwongozo.”

“Marahaba! Ee, mwenye mwongozo amekuja,” akasema Mama Limi, mwenyekiti wao. “Keti hapa, Pendo anatusomea. Leo tuko kwenye kina cha maji. Tumeshapima kwa kamba, tukasogeza kizimba. Pale pa kwanza tungeua samaki wote.”

Nilikuwa na maneno yangu tayari, nikayasema. “Mama, ofisini mstari unaonyesha hamjasoma.”

“Mstari gani?”

“Huo wa bluu, hapo juu.”

Pendo akaangalia simu, akaangalia wenzake. “Huu? Si bando la intaneti linaliwa huu?”

“Bando?”

“Tunasoma, unarefuka. Tukiona unakaribia kujaa tunazima haraka, tusije tukamaliza bando la watu! Kesho tunafungua tena, tunaanzia juu, tukielewa tunakwenda ukurasa mwingine.”

“Na kila siku namwambia Pendo asome upesi,” Mama Limi akadakia, “huyo mdudu asitumalize. Hasikii. Anasoma kama anapika ugali wa harusi!”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikuweza kucheka. Kila walipofungua upya, kipande changu kilianza upya pia, na kwetu ofisini wakaonekana watu wasiogusa kitu. Nikawauliza habari za matope, za chakula, za samaki kukosa hewa maji yanapogeuka rangi. Walijibu wakikatizana, wakisahihishana, wakibishana kwa Kisukuma na kunitafsiria ugomvi wao.

Nikampigia Mzee Magesa palepale.

“Wamesoma?” akauliza.

“Wamesoma, mzee. Ila mstari...”

“Binti yangu, umetengeneza kitu kinachojua ukurasa umeshuka mpaka wapi. Ni kitu kizuri. Nani alikutuma ukipe kazi ya kuwahukumu watu?”

Akaniagiza niende nikakisikilize na kile kikundi kingine. Katibu wao, mtu mchangamfu sana, aliniambia bila aibu kwamba alizivuta kurasa zote hadi chini akisubiri chai ipoe. Nilipomuuliza habari za matope, akaniuliza matope gani.

Vifaranga vilikwenda kwa Mama Limi. Nami nikakirudia kipande changu: kikumbuke pale msomaji alipoishia, na badala ya mstari mtupu kimwambie kwa maneno, “Umefika hapa.” Habari hiyo ikawa ya msomaji mwenyewe. Ofisini hatukuipokea tena.

Sasa wewe umeniletea cha kwako, ulichokitengenezea mwongozo wa wauguzi, nacho ni kizuri kuliko changu. Nasaha yangu ni hii. Kabla hujakikabidhi kesho, kaa karibu na mtu anayesoma, unyamaze, umwone anavyosoma. Muulize huo mstari anadhani ni nini. Usimpe mwajiri wa wauguzi namba ambayo wewe mwenyewe hujui maana yake, kwa sababu ataiamini, na muuguzi mmoja atakosa haki yake bila kujua alikosea wapi. Kimsaidie msomaji kurudi alipoishia. Hiyo inatosha.

Mungu akupe subira ya kusikiliza, mwanangu, na kazi ya mikono yako iwe nyepesi kwa watakaoishika.

Umenyanyuka, umechukua kompyuta yako. Wauguzi wa zamu ya mchana bado wapo, umesema, utawawahi ukae nao wakisoma. Hata chai hukumaliza. Umetoka mbio, na mlango umejifunga nyuma yako.