Mtamba Ambaye Kisomaji Hakikumwona

Nilifunga kisomaji cha hereni za kielektroniki za ng'ombe kwenye josho moja karibu na Usagara, mahali ng'ombe wanapopita mmoja mmoja kati ya mbao. Nyumbani Buhongwa nilikuwa nimekijaribu mezani: hereni ikiwa umbali wa mkono mzima, kinalia na kuonyesha namba. Nikaenda kazini kifua mbele.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Afisa mifugo, dada mmoja mcheshi, aliandika namba na kuniita mtaalamu. Saa tano wakawasha pampu ya kunyunyizia dawa. Ndipo ng'ombe wa mama mmoja mjane walipofika. Watatu walipita, kisomaji kimya. Wa nne, mtamba mwekundu, tulimsimamisha, nikasogeza sikio lake hadi likakaribia kabisa kugusa antena. Kimya.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Hereni hizi umezipata wapi?"

"Marahaba. Si mlinivalishia ninyi wenyewe hapa hapa?"

"Basi ni mbovu. Au si zenyewe."

Nilisema kwa sauti, watu wakiwa wamejaa. Mzee mmoja nyuma yetu akauliza kama ng'ombe wenyewe ni wa mama huyu kweli. Mama alivuta kanga begani akawaondoa wanyama wake bila dawa.

Pampu ilipozimwa, mtamba yule alirudi mwenyewe kunywa maji kwenye birika kando ya mbao. Kisomaji kikalia. Niligeuka. Alikuwa mbali na antena, tena amenipa kisogo, na namba yake iko kwenye kioo.

"Imefufuka!" mtu akacheka.

Mimi sikucheka. Nilihisi kichwa kimejaa moshi. Nilipima betri ya sola: volti kumi na mbili na ushee. Nikabadilisha antena, nikafuta matope kwenye mbao, nikarudisha antena ya kwanza. Kila nilichofanya kilionekana kusaidia, kisha pampu ikiwashwa tena kinaacha kusaidia. Nikaanza hata kushuku dawa yenyewe.

Dada afisa mifugo ndiye aliyeniuliza, "Unapima kwenye betri. Kisomaji kiko wapi?"

Kilikuwa mwisho wa waya mwembamba, mrefu, ambao niliunganisha pamoja na wa pampu ili nisinunue mwingine. Nilipopima pale kwenye kisomaji, pampu ikinguruma, volti zilikuwa zimeshuka chini ya kumi. Hereni haina betri. Inaamshwa na nguvu inayotoka kwenye antena, na antena yangu ilikuwa inanong'ona.

Kesho yake nilivuta waya mnene, wa peke yake, moja kwa moja kutoka kwenye betri. Hereni zikasomeka tena kwa mkono mzima, pampu iwake isiwake. Lakini jioni nyumbani nilijaribu kisomaji kwa chaja ya ukutani yenye volti nyingi zaidi, kikasoma kwa umbali mfupi zaidi kuliko kwa betri. Fundi mwenzangu wa Buswelu alisema chaja za bei rahisi zina kelele za umeme zinazokiziba kisomaji masikio. Niliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Nusu tu ndiyo niliyoielewa, na hadi sasa ni nusu hiyo hiyo.

Nilikwenda kwa yule mama. Alinikalisha kwenye kigoda akaendelea kupepeta mchele.

"Mama, hereni zako ni nzima."

"Kwa hiyo ng'ombe wangu hakuwa na kosa."

"Hakuwa. Kosa lilikuwa la waya."

"La waya, au lako?"

"Langu."

"Hapa hakuna aliyekusikia. Kayaseme kule."

Siku ya josho iliyofuata nilisimama juu ya ubao nikasema. Baadhi walinisikiliza, wengine waliendelea kuswaga ng'ombe. Yule mzee aliuliza volti ni kitu gani, nikaeleza, akauliza tena, na nikagundua naeleza vibaya. Mama mjane alipitisha ng'ombe wake wote sita. Kisomaji kililia mara sita. Hakunitazama hata mara moja, na sikujua kama amenisamehe au alikuwa anahesabu tu milio.