Kidole cha Tata Kwenye Kovu

Kwetu Kaisho, mwenye kibanja akiwa amesimama kati ya migomba yake, mtoto hamnyang'anyi muhoro, hata kama mtoto mwenyewe ana ndevu na ana watoto wake. Muhoro ni lile panga fupi lenye ncha iliyopinda, na tata, ndivyo tunavyowaita baba zetu, alikuwa na wake tangu kabla sijazaliwa. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamwingia macho yote mawili. Mimi nilijua, yeye alijua, na hakuna aliyesema.

Siku moja tulikuwa tunangoja wageni waliokuwa wanakuja kumposa dada yangu. Mkungu wa wageni hauangushwi chini, maana ndizi zilizochubuka ni aibu. Tata akaukata mgomba nusu, ukainama taratibu, nami nikaupokea mkungu kwa mikono miwili. Ikabaki kukata shingo yake. Tata akakodoa macho, akainua muhoro, akakata kifundo cha mkono wangu wa kulia.

Mimi ni fundi cherehani pale Nkwenda. Bila mkono huo mimi si fundi wa kitu chochote.

Daktari aliyenishona alitueleza bila haraka. Neva ikikatwa, sehemu ya chini hufa, lakini ala yake hubaki. Ile ya juu huchipua na kutambaa ndani ya ala hiyo, polepole mno, kuelekea vidoleni. Misuli ya kiganja hukaa ikiisubiri, ila haisubiri milele. Ikingoja sana hunywea, na ikishanywea hairudi.

"Ni kama mgomba," tata aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Maganda yanabaki, moyo unapanda ndani yake." Alimwelewa daktari kuliko mimi mwenye mkono, na hilo nalo lilinikera.

Daktari alitufundisha pia kupima. Unagonga kwa kidole kuanzia kwenye kovu kwenda chini. Panaposhtua kama umeme, hapo ndipo neva ilipofika. Kazi hiyo tata aliichukua. Kila asubuhi, nikishamwamkia shikamoo na yeye kuitikia, alivuta kigoda, akaulaza mkono wangu juu ya goti lake na kugonga.

"Unasikia?"

"Sisikii, tata."

Mwanzoni ilikuwa kweli. Kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa vimejikunja, na nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada ilikuwa imebonyea. Siku moja nilikuwa napiga pasi shati la kanisani, kidole kikaungua. Nilijua kwa harufu. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, si kwa maumivu, maana maumivu hayakuwepo.

Kisha asubuhi moja tata akagonga upana wa kidole chini ya kovu, na umeme ukakimbia hadi kwenye kidole kile kilichoungua. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikamwambia sisikii.

Mimi ni mtu wa kisirani, sikatai. Hasira yangu haiwaki ikazimika. Naivundika kama ndizi, inaiva taratibu. Nilitaka abaki na kosa lake siku chache zaidi. Siku chache zikawa wiki. Umeme ukashuka hadi kwenye kiganja, na jibu langu likawa lile lile.

Mvua zilipoanza, tata akashikwa na kifua, akafa. Tulimzika humo humo kibanjani, hatua chache kutoka pale aliponikata.

Matanga yalipokwisha nilikaa mahali pangu, asubuhi, saa ile ile. Kiganja kikashtuka chenyewe, kama kimegongwa. Najua neva inayoamka hujirusha bila kuguswa, daktari alishasema. Hata hivyo nilitazama kigoda. Kesho yake ikaja tena. Ikawa inakuja kila asubuhi, kila baada ya siku kadhaa ikiwa imeshuka kidogo, kiganja, shina la kidole, ncha. Mimi si mtu wa kuamini mizimu, lakini niliogopa, na nikaacha kukaa pale.

Mkono umerudi, si wote. Nafunga vifungo na nakata kitambaa. Ukinigusa kidole cha mwisho, mara nyingine nasikia kwa jirani yake, maana neva nyingine zilipotea njia. Juzi nikashindwa kuvumilia, nikamweleza mama uongo wangu wote. Alikuwa anapukuchua maharage, na hakuacha.

"Alijua," akasema. "Mkono wako ulikuwa unaruka chini ya kidole chake. Macho hayakuona, lakini kidole kilikuwa kizima."

"Sasa mbona aliendelea kuniuliza?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyo, mwanangu. Akasema mkono umeshafika, sasa anamngoja mwenye mkono."

Aliningoja wiki sita. Asubuhi ya mwisho alikuwa hawezi tena kukaa, kifua kinakoroma, na mimi ndiye niliyeinama kitandani. Akanyoosha kidole, akalitafuta kovu, akagonga, akauliza. Nikamwambia sisikii.