Bakteria Waliotema Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja ya Mbinga, mkuu wa maabara, Mzee Komba, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua jicho kwenye hadubini. Akaniambia nioshe vioo. Niliosha vioo mpaka aliponiamini, ndipo akanifundisha kuotesha. Unapaka choo cha mgonjwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, unapanga juu yake vipande vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kesho yake unatazama. Bakteria wakikaa mbali na karatasi, dawa inaua. Wakiikaribia, haiui.

Biashara ya watu binafsi ilikuwa imeruhusiwa. Maduka yaliyokuwa hayana hata sabuni sasa yaliuza rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, moja moja, kwa mafua, kwa uchovu, kwa lolote. Tulifurahi kama wengine.

Kisha kuhara damu kukazuka vijiji vya ziwani, upande wa Mbaha. Muuguzi Fotunata, mwenyeji wa Maguu, rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja, alipelekwa kusaidia. Alirudi amelazwa nyuma ya pikapu.

Sampuli yake niliiotesha mwenyewe. Bakteria waliota hadi ukingoni mwa kila karatasi. Mzee Komba alikitazama kile kisahani, akavuta kiti.

"Kamwambie daktari hatuna dawa," alisema. "Kabatini zimejaa, lakini hatuna."

Tulimzika Maguu. Mama yake aliniuliza dawa zote alizomeza mwanawe zilikwenda wapi.

Swali hilo lilinitoa kazini. Nilirudi masomoni hatua kwa hatua; wenzangu wakipata wajukuu, mimi nilianza shahada ya uzamivu, nikimwamkia profesa niliyemzidi umri. Nilichunguza protini za utando, ile ngozi nyembamba ya bakteria. Nyingine ni milango, nyingine ni pampu. Kuzitoa ni mateso: sabuni kali inaziharibu, laini haizing'oi. Miaka ilipita nikiharibu.

Nilipostaafu nilipanda Maguu. Mama Fotunata alikuwa uani akichambua kahawa. Nilimweleza kwamba dawa iliingia kweli ndani ya bakteria, lakini wana pampu za kuitema nje kabla haijawaua.

"Na sasa mnaweza kuzizuia?"

"Bado, mama."

Aliokota punje mbovu, akaitupa kando.

"Basi hukuja kunidanganya," alisema, akanisogezea ungo.

Nikakaa chini, tukachambua.